Damu Inayokimbia Kichwani

Somo la afya: kipimo kinachosikiliza mwendo wa damu kwenye ubongo



Wengi wetu tunaijua Kariakoo, hata kama hatujafika. Iliki yetu, pilipili manga yetu, maharage yetu na machungwa yetu huishia huko. Lakini gari likishafika Dar es Salaam, mzigo haujishushi wenyewe. Wapo wapagazi. Wanabeba magunia mgongoni, wanasukuma mikokoteni, na wanapiga kelele, "Pisha! Pisha!" Wapagazi wakikosekana nusu siku tu, soko zima linalala.

Hata jina la Kariakoo limetokana na wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wa jeshi lao waliwekwa mahali pale. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo.

Leo tutajifunza habari za wapagazi wengine. Hawa wamo ndani ya miili yetu. Ni chembe nyekundu za damu. Mzigo wao ni oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoivuta. Wanaichukua kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima.

Mteja wao mkubwa ni ubongo. Ukiupima kwa kilo, ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za mwili. Lakini unatumia kama sehemu 20 katika kila 100 za oksijeni yote. Tena ubongo hauna ghala. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Huko ndiko tunakokuita kupatwa na kiharusi. Mkono unapooza, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki.

KIHARUSI SI CHA WAZEE TU

Tumezoea kusema kiharusi ni ugonjwa wa watu wazima wenye presha. Ni kweli, watu hao wapo wengi, hasa mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006 madaktari waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu za Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata wagonjwa wapya kama 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa Dar es Salaam. Hai walikuwa kama 109.

Lakini wapo pia watoto wadogo wanaopata kiharusi. Wengi wao ni watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Watu wengi huuita sikoseli. Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Bila kupimwa na kutibiwa, kati ya watoto 100 wenye selimundu ya aina kali, kama 11 hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Wengi hupatwa wakiwa bado wadogo, wa umri wa chekechea na shule ya msingi.

Sasa basi, jambo kubwa la somo hili ni hili: kwa watoto hawa, hatari ya kiharusi inaweza kujulikana kabla kiharusi chenyewe hakijaja. Inajulikana kwa namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi. Na wewe unayesoma ukurasa huu unaweza kuisoma namba hiyo.

MAMA WA MEZA YA VIUNGO

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza viungo Kariakoo. Kwenye meza yake kuna bizari, mdalasini na iliki. Anaishi Buguruni na binti yake wa miaka 6. Binti ana selimundu. Anatumia dawa zake, anakwenda kliniki, anacheza rede na wenzake. Haumwi kichwa wala mkono.

Siku moja muuguzi wa kliniki alimwambia, "Mama, mwezi ujao mlete mtoto tumpime mwendo wa damu kichwani."

Mama aliondoka akinung'unika. Nimpeleke mtoto mzima hospitali? Nifunge meza siku nzima? Nani atanilipa hela ya siku hiyo? Kesho yake alimweleza jirani yake wa meza, mzee mmoja muuza dagaa.

"Shikamoo baba. Ati wanataka kumpima kichwa mtoto ambaye hana kitu."

"Marahaba mwanangu," alijibu mzee. Kisha akanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu naye alikuwa hana kitu. Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Akaanguka. Tulikaa siku tatu tunazunguka kwa waganga, tukisema ni upepo mbaya. Leo mkono wake wa kulia haushiki kalamu. Nenda, mwanangu. Meza nitakuangalizia."

Mama akaenda. Kutoka Kariakoo mpaka Muhimbili si mbali. Unavuka Barabara ya Morogoro pale Faya, unaingia Upanga. Kwa miguu ni mwendo wa nusu saa hivi.

WAPAGAZI WACHACHE, MZIGO ULE ULE

Kwa nini damu ya mtoto wa selimundu ikimbie? Ziko sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni upungufu wa wapagazi. Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini. Inaishi siku kama 120. Chembe ya mgonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga. Inakuwa ngumu, inavunjika upesi, inaishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo wapagazi ni wachache kila siku. Lakini ubongo bado unadai mzigo ule ule. Ungekuwa wewe ni msimamizi wa wapagazi, ungefanyaje? Ungewaambia wachache waliopo wakimbie. Moyo nao hufanya hivyo hivyo. Unaisukuma damu kwa kasi.

Sababu ya pili ni njia kuwa nyembamba. Chembe zile ngumu huumiza kuta za mishipa. Ukuta wa mshipa unavimba na kunenepa kwa ndani, na njia ya damu inabana. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Bana mdomo wake kwa kidole. Maji yanaruka kwa nguvu, si kweli? Maji ni yale yale, lakini tundu limekuwa dogo. Damu nayo ikipita mahali palipobana hukimbia zaidi.

Kwa hiyo mwendo mkali wa damu ni kama mlio wa onyo. Unatuambia kwamba wapagazi wamepungua sana, au njia inaanza kuziba, au yote mawili.

MASHINE INAYOSIKILIZA

Kipimo chenyewe watu wa hospitali hukiita Dopla. Jina hilo ni la mtu, Christian Doppler wa Austria. Mwaka 1842 alieleza jambo ambalo sote tumelisikia kwa masikio yetu.

Simama kando ya barabara basi linapopita likipiga honi. Pale Mtaa wa Msimbazi mabasi ya mwendokasi hupita kila wakati. Basi likija kwako, sauti ya honi ni nyembamba na ya juu. Likishakupita, sauti inashuka na kuwa nzito. Honi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba basi lilikuwa linakuja, na sasa linakwenda. Na kadiri basi linavyokimbia, ndivyo sauti inavyobadilika zaidi. Mwaka 1845 huko Uholanzi walijaribu jambo hili kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni. Waliosimama kando ya reli walisikia sauti ikishuka treni ilipopita.

Mashine ya Dopla hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ni ndugu wa mashine ya ultrasaundi inayowapima kina mama wajawazito. Inapeleka sauti ndani ya kichwa. Sauti hiyo ni ya juu mno, mitetemo kama milioni 2 kwa sekunde, wala sikio la mtu haliisikii. Sauti inagonga chembe za damu na kurudi. Chembe zikiwa zinakimbia, sauti inarudi imebadilika. Mashine inalinganisha sauti iliyokwenda na sauti iliyorudi, kisha inapiga hesabu ya mwendo wa damu.

Fuvu la kichwa ni gumu, sauti haipiti popote. Lakini pale kwenye panja, kati ya jicho na sikio, mfupa ni mwembamba. Mwaka 1982 mtaalamu aitwaye Rune Aaslid, mtu wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi Bern, Uswisi, alionyesha kwamba sauti inaweza kupitia hapo na kuifikia mishipa mikubwa ya ubongo. Tangu hapo iliwezekana kuisikia damu ya ubongo bila kupasua kichwa na bila kuchoma sindano.

Yule binti wa miaka 6 alilazwa chali kitandani. Alipakwa mafuta mazito ya baridi kwenye panja. Kifaa kidogo kikawekwa hapo. Hakikuuma. Kutoka kwenye mashine ilisikika sauti: shuu, shuu, shuu, pamoja na mapigo ya moyo.

"Mama, hiyo ni nini?" mtoto akauliza.

"Ni damu yako, mwanangu. Tulia."

Kutulia ni jambo la lazima. Mtoto asilie, wala asilale usingizi, maana vyote viwili hubadilisha mwendo wa damu. Homa nayo huuongeza. Kama mtoto ana homa, au ameongezewa damu hivi karibuni, mwambie mpimaji kabla hajaanza. Kazi yote huchukua kama nusu saa au zaidi kidogo. Mashine hii haitumii mionzi. Hata akipimwa kila mwaka, haimdhuru.

TUSOME NAMBA

Sasa tufike kwenye karatasi. Mwendo wa damu huandikwa kwa sentimita kwa sekunde. Sekunde moja ni muda wa kusema "mia moja na moja". Ikiandikwa 100, maana yake damu inakwenda sentimita 100, yaani mita 1, kwa kila sekunde.

Kwa watoto wa selimundu, madaktari hugawa namba hivi:

Chini ya 170: ni ya kawaida. Mtoto apimwe tena baada ya mwaka 1.

170 hadi 199: ni ya kuangaliwa. Apimwe tena mapema, baada ya miezi michache, na daktari aangalie dawa zake.

200 na kuendelea: ni ya hatari. Kipimo kirudiwe upesi ili kuhakikisha, na matibabu ya kuzuia kiharusi yaanze.

Hebu tufikiri namba 200 ni mwendo gani. Mtu mzima akitembea kawaida huenda kama sentimita 130 kwa sekunde. Sentimita 200 ni mita 2. Ni mwendo wa mtu anayetaka kukimbia. Sasa fikiri mshipa mwembamba kuliko kalamu yako, na ndani yake damu inakwenda hivyo usiku na mchana, mtoto akiwa amelala au akicheza.

Namba ndogo mno nayo si ya kufurahia bila kuuliza. Mshipa ulioziba hautoi sauti. Ndiyo maana namba husomwa pamoja na daktari. Lakini usiondoke bila kuijua. Sema, "Daktari, naomba uniandikie namba ya mwanangu." Iandike pia kwenye daftari lako, pamoja na tarehe.

Namba ya yule binti ilikuwa 208. Walirudia baada ya wiki mbili. Ikawa 205. Mtoto alikuwa bado anacheza rede.

INAZUILIKA

Je, namba ikiwa kubwa ndiyo basi? Hapana. Hapa ndipo penye faida ya kipimo.

Mwaka 1992 Robert Adams na wenzake wa Augusta, Marekani, walionyesha kwamba watoto wa selimundu wenye mwendo mkali wa damu ndio wanaopata kiharusi zaidi. Kwa wenye 200 na kuendelea, bila matibabu, kama mtoto 1 katika 10 hupatwa kila mwaka. Kisha madaktari wa Marekani walichukua watoto 130 wa namna hiyo. Watoto 63 waliongezewa damu mara kwa mara. Watoto 67 walipewa huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Katika wale 67, watoto 11 walipata kiharusi. Katika wale 63, ni mtoto 1 tu.

Wapagazi wapya waliingizwa kazini, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukimbia. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa.

Lakini damu ya kuongezwa kila mwezi si rahisi kuipata kwetu. Tena ikiongezwa miaka mingi, chuma hujaa mwilini na kudhuru ini na moyo. Kwa hiyo ipo njia nyingine. Ni dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea. Inasaidia chembe zisijikunje na zisivunjike upesi. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari waliwapima kwa Dopla watoto zaidi ya 200 wenye selimundu. Waliokutwa na mwendo mkubwa wakapewa dawa hii. Mwendo wa damu ukashuka. Kwa hiyo habari hii si ya Ulaya na Marekani peke yake. Muhimbili nako, kazi kubwa ya kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu ilianza mwaka 2004, ikiongozwa na Dakta Julie Makani. Vipimo vya Dopla vimefanywa huko pia.

Dawa hii haitumiwi kwa kubahatisha. Mtoto lazima apimwe damu mara kwa mara, na dozi hupangwa na daktari kwa kufuata uzito wa mtoto. Usinunue dukani kwa kusikia maneno ya jirani.

Yule binti aliongezewa damu, kisha akaanzishiwa haidroksiyurea. Mzee muuza dagaa alikwenda kuchangia damu, wakamwambia umri wake umepita. Akarudi sokoni akawaambia vijana wa mikokoteni. Wanne wakaenda. Mwaka uliofuata namba ilikuwa 166. Mama aliiandika kwenye daftari lile lile analoandikia wadeni wa viungo. Bado anampeleka mtoto kila mwaka, na dawa haikatizwi. Namba ikishuka, ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Mtu hafukuzi wapagazi kwa sababu mzigo umefika leo.

WEWE ULIYE KIJIJINI UFANYE NINI?

1. Mtoto akivimba vidole na vidole vya miguu akiwa mchanga, akipungukiwa damu mara kwa mara, akiwa na macho ya njano au maumivu ya mifupa, mpeleke kituo cha afya apimwe selimundu. Ugonjwa huu haurogwi. Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, hata kama wao hawaumwi.

2. Kama mtoto ana selimundu na ametimiza miaka 2, uliza kliniki: "Kipimo cha Dopla kinapatikana wapi?" Si kila hospitali inacho. Omba barua ya rufaa na uulize gharama kabla ya kusafiri. Apimwe kila mwaka mpaka miaka 16.

3. Ukipata kazi au biashara ya kwenda Dar es Salaam au Mwanza, panga safari iwe pamoja na siku ya kliniki. Nauli moja, kazi mbili.

4. Kama una afya njema na umri unaruhusu, changia damu. Damu haitengenezwi kiwandani.

5. Zijue dalili za kiharusi: uso kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kuvurugika. Ukiona hata moja, nenda hospitali saa ile ile, hata kama dalili imepotea baada ya dakika chache. Usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji, asije akapaliwa. Dopla ni ya kujua hatari mapema. Kiharusi kikishaingia, ni kazi ya hospitali ya haraka na picha za kichwa. Usisubiri siku ya kliniki.

Wale wa zamani wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma, hasa mwenye mtoto wa sikoseli.

MANENO YA KUKUMBUKA

Selimundu: ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, sikoseli.
Kiharusi: ubongo kukosa damu, au damu kuvuja ndani ya ubongo.
Panja: sehemu ya kichwa kati ya jicho na sikio.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa barua ya daktari.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini damu ya mtoto wa selimundu hukimbia kichwani? Taja sababu mbili.

2. Watoto watatu wamepimwa. Namba zao ni 142, 186 na 208. Kila mmoja afanyiwe nini?

3. Damu inayokwenda sentimita 200 kwa sekunde itakwenda mita ngapi kwa dakika 1? (Jibu: mita 120.)

4. Katika kijiji chenu wako watoto wangapi wenye selimundu? Ni wangapi wamewahi kupimwa Dopla? Mtafanya nini kwa wale ambao bado?